Mama wa Unga

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba hicho chumba cha kufulia cha hoteli kinakuachia nafasi ya kuketi. Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto linalalamika, nami silisikilizi. Mwanao, Chiriku wetu, anakula, anakua, na anasema kuliko redio.

Barua yako niliipata. Umeniuliza kama utie saini mkataba mwingine au urudi nyumbani, na msimamizi wako anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Nimechelewa kukujibu, na sababu yake ni unga. Nivumilie, nitakufikisha.

Mvua ilishinda ikinyesha, mtoto akawa ndani kama kuku tengani. Jirani yetu mshonaji akanishauri nimtengenezee unga wa kuchezea: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, mafuta kidogo na maji ya moto, kisha ukande mpaka uache kung'ang'ania vidole. Nikamwambia kwamba unga huliwa, hauchezewi. Akanijibu kwamba hata Mwalimu, yaani mimi, aliwahi kuwa mtoto, ingawa hakuna shahidi aliye hai.

Basi nikashusha kopo la rafu ya juu, lile uliloliandika "Chumvi" kwa mkono wako. Unajua kilichokuwamo. Daktari alinikataza sukari, nawe ukaificha humo kabla ya kuondoka, ukijua kwamba mama yako huamini kilichoandikwa. Nilikikuta kimeganda, nikadhani ni unyevu. Sikuonja.

Tuliketi mezani alasiri yote. Donge moja tulilitia manjano, jingine maji ya bitiruti, na dirisha lilikuwa jeupe kwa mvua hata nyumba za ng'ambo hazikuonekana. Sijui tulikaa kwa muda gani. Unga ulikuwa na joto kama kitu kilicho hai, na nilipofumba macho nilihisi kwamba ninaushika mkono wako ulipokuwa mdogo, ukiwa na homa. Nilipoyafumbua, Chiriku alikuwa amefinyanga kuku wa miguu mitatu, jirani yetu akiwa na cherehani yake, na duara moja lenye mdomo. Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema ni mama. Nikamuuliza mikono yake iko wapi. Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mwanafunzi mzito, kwamba mama hana mikono, mama yumo ndani ya simu, kazi yake kusema tu. Picha yako ya sebuleni, ujue, yeye huiita dada wa ukutani.

Tukawaanika wote dirishani. Asubuhi tulikuta msafara mweusi wa sisimizi umeshuka ukutani hadi sakafuni, na mama amebaki nusu. Mtoto hakulia. Alisema kwamba sisimizi wanampeleka mama kazini, akawafungulia mlango. Mimi nililamba kidole, nikaijua sukari yako.

Siku ya pili tulikanda upya, kwa chumvi ya kweli kutoka kwa jirani. Chiriku akafinyanga mama mwingine. Huyu alikuwa na mikono mikubwa, na miwani. Alimweka mapajani mwangu, akaniita mama.

Mwanangu, unanijua. Maisha yangu yote nimesahihisha watu. Hata barua ya posa ya baba yako niliirudisha ina wino mwekundu. Siku ile sikusahihisha. Niliitika. Nimeendelea kuitika kila aniitapo, na sitakuficha, ni tamu kuliko kilichokuwa koponi. Kisha nikaketi kukujibu, nikakuandikia utie saini. Nilitaja paa, karo, na mshahara wako mzuri. Kila sentensi ilikuwa sahihi, lakini haikuwapo hata moja niliyoiandika kwa ajili yako. Nilitaka abaki wangu. Karatasi ile nimeichana.

Jibu langu ni hili: usitie saini. Rudi. Paa litavuja kidogo, tutakinga ndoo.

Jana nilimweleza mtoto kwamba mimi ni bibi, na kwamba mama yake ni yule wa simuni. Akasema basi yule mwenye miwani atakuwa bibi, naye atatengeneza mama mwingine, ila kwanza nimwambie mikono yako ikoje. Nikafungua kinywa kumjibu. Niliikumbuka ya utotoni tu. Hii ya sasa, iliyoloa sabuni miaka yote hii, siijui.

Ukifika huenda akajificha nyuma ya gauni langu. Usivunjike moyo, wala usimletee mwanasesere. Nawa, uketi mezani, uanze kukanda. Atakuja mwenyewe kutazama. Donge lako nimelifunga kwa kitambaa kibichi ndani ya bakuli lenye kifuniko, na likikauka nitakanda jingine.

Jirani anakusalimu sana, anasema chumvi yake utamlipa kwa hadithi. Chiriku naye amebonyeza kiganja chake hapa chini, uone kilivyokua. Madoa ni bitiruti, usitishike.

Safari njema ya kurudi.

Ni mimi mama yako,
bibi yake.