Kibandiko Kwenye Pampu ya Ole

Mama yangu,

Nakushika miguu kutoka huku Dar es Salaam, na amani ya Mungu ikufikie kabla ya maneno yangu mengine. Goti lako je? Kwenye simu ulisema limepoa, lakini nilikusikia ukiguna ulipoinuka, kwa hivyo sikuamini. Na Bibi, anakula? Mimi mzima, mwili hauna neno. Moyo ndio unaochemka.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Mama, simu yako ni redio. Ukiipokea unaifungulia sauti, na ua mzima unasikiliza, mpaka Bi Time anaitikia kutoka kwake. Haya ya leo hayasemeki hivyo. Ndiyo maana nimempa Hamad wa ami barua hii mkononi, naye anajua aikabidhi kwako tu. Isome peke yako. Bibi usimsomee.

Kazi yangu unaijua nusu. Hapo nyumbani mnasema Raya anafanya kazi ya kompyuta, basi. Kampuni yetu inanunua viungo, ina maghala Tanga, Mtwara, Unguja na hapo Ole. Kila kitu ilicho nacho, kuanzia mizani hadi lori, kimeandikwa kwenye sistimu: namba yake, kilipo, ni cha nani, kizima au kibovu. Tena kuna sehemu ya kuandika kitu hicho kinategemewa na nini. Mizani inategemea jenereta, kompyuta ya karani inategemea waya fulani, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukitaka kukiondoa kitu unatazama kwanza nani ataumia. Ni kazi ya maana na ninaipenda. Nasema hivi usije ukadhani nimeichoka natafuta kisingizio.

Jumatatu nilikuwa napitia vitu vilivyopangwa kuhamishwa. Nikakuta hivi: pampu ya maji ya umeme wa jua pamoja na tangi lake, Ole. Mwenye mali: kampuni. Vinavyoitegemea: hakuna. Uamuzi: ing'olewe, ipelekwe ghala la Tanga.

Ndiyo, pampu yetu ile ile.

Hakuna, Mama. Msikiti mzima unatawadha kwa maji yale, wameandika hakuna. Bi Time na mbuzi wake, hakuna. Wanawake wanaopanga ndoo tangu alfajiri, hakuna. Choo cha ghala lao wenyewe kinatiwa maji ya pampu hiyo, bure, tangu walipokuja kupanga hapo, na bado wameandika hakuna. Kijana aliyekuja kukagua aliwaona watu wakiteka mbele ya macho yake. Lakini sistimu inataka mashine ya kampuni itegemewe na mashine nyingine ya kampuni. Mwanamke mwenye ndoo hana namba, kwa hivyo hayumo. Nilikaa pale kwenye kiti nikahisi masikio yanawaka moto.

Sasa nije kwako, na unisamehe, maana hasira zangu nyingine ni juu yako. Maelezo ya kijana yule nimeyasoma. Ameandika kwamba wenyeji wanasema haina mwenyewe. Mwenyeji mwenyewe ni wewe. Alikuuliza pampu ya nani, ukamwambia, "Ya Mwenyezi Mungu, mwanangu." Ulisema kweli, wakfu hauna mwenyewe mwingine. Yeye akasikia kwamba ni kitu cha kuokota. Na kwa kuwa sistimu haikubali nafasi ya mwenye mali ibaki tupu, akatazama, akaona pampu iko karibu na ukuta wa ghala, akajaza jina la kampuni. Kisha akatoa kibandiko chenye namba akakibandika kwenye tangi.

Nawe ulimshikia ngazi. Ulinisimulia mwenyewe huku unacheka, kwamba kijana wa watu alikuwa anaogopa kupanda, ukampa kahawa na mkate wa kumimina, ukamshikia ngazi. Mtu anakuja kukuchukulia kitu, nawe unamshikia ngazi asianguke. Ukarimu huu utatumaliza siku moja.

Najua kwa nini hukumtaja Bibi. Bangili zake za dhahabu, zile alizovishwa na mama yake, tunaojua zilikokwenda ni watatu tu: yeye, wewe na mimi. Nakumbuka siku pampu ilipofungwa. Fundi aliuliza aandike jina gani kwenye tangi, na rangi alikuwa nayo tayari. Bibi akamwambia aliyetoa hataki kutajwa. Tulipoingia ndani akatugeukia.

"Msije mkan'taja," alisema. "Sadaka ikitajwa imekuwa tangazo. Na siye tulikuwa na majina yetu kwenye mashamba mazima, na bado tukanyang'anywa. Yakatufikisha wapi?"

Na alikuwa na akili kuliko sote. Wewe ndiye uliyenisimulia uchaguzi ulivyowagawa watu hapo, mpaka kisima kimoja kikawa cha chama hiki na kingine cha chama kile, na watu hawazikani. Mzee Faki na Mzee Kombo, mtu na nduguye, hawakuwa wakipeana hata salamu. Pampu ilipokuja bila jina, kila mtu aliinua ndoo yake akaja. Wengine walisema katuma tajiri wa Maskati, wengine walisema ni wazungu. Hakuna aliyeweza kusema ni ya chama chake, wala ya adui yake. Nimewaona kwa macho yangu wazee wale wawili wakipokezana bomba, mmoja anamfungulia mwenzake.

Basi nilikwenda kwa bosi wetu, Bwana Mushi. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu mtu mbaya ungemtukana ukaondoka. Nilimweleza kwamba pampu si ya kampuni, ni wakfu. Akaniuliza taasisi gani inayoisimamia, aiandike. Nikamwambia hakuna taasisi, ni watu. Akaniuliza watu gani, wana mwakilishi? Nikamwambia basi afute tu jina la kampuni aache pale patupu. Akanionyesha kwenye kompyuta, akafuta, akabonyeza, na maandishi mekundu yakatokea kwamba haiwezekani. Mama, mashine iliyotengenezwa na binadamu imekataa katakata kwamba duniani kipo kitu ambacho si mali ya mtu. Na watu wazima wenye elimu zao wameketi wanaitii.

Nilimwambia hivyo hivyo, na sikusema kwa upole. Nikamwambia kama hawajui kitu ni cha nani, heshima ni kukiacha, si kukichukua. Kwetu mtoto mdogo anajua hilo kwa embe la njiani. Bwana Mushi akanisikiliza mpaka nikamaliza, akavua miwani.

"Raya," akasema, "lori limeshapangiwa Alhamisi. Nipe jina la mtu nilizuie sasa hivi. Pampu ni ya nani?"

Nilikumbuka ulivyoitunza siri hii miaka yote. Nikaliona tangi likipakiwa, na Bibi amekaa barazani anatazama, hawezi kusema lolote kwa sababu akisema atakuwa amejitaja. Angekufa na neno hilo kooni.

Nikasema, "Ya bibi yangu. Bi Zuwena binti Seif."

Aliandika kwa mkono wake, jina lote. Lori likasimamishwa papo hapo. Kisha akanipa hongera, akasema nina bibi mkarimu sana, na akawasomea waliokuwemo ofisini. Wakapiga makofi. Mama, walimpigia Bibi makofi, nami nimesimama pale nataka ardhi ipasuke. Kitu alichokificha mpaka kwa ndugu zake wa damu sasa kinasomwa Tanga, Mtwara na Unguja na kila karani anayefungua sistimu.

Nimeiokoa pampu na sijui kama sikuiharibu sadaka. Muulize Shehe, bila kututaja: mtu akitaja sadaka ya mwenzake ili isichukuliwe, thawabu ya mtoaji imepungua? Na kama kuna dhambi, ni yangu mimi niliyesema au ni ya walionilazimisha? Mimi jibu langu ninalo, lakini nataka la mwenye elimu.

Nisalimie Bibi, mwambie mjukuu wake anambusu mikono yote miwili, hasa pale zilipokuwa bangili. Msalimie kaka Omar na mkewe, na mtoto wao aliyeanza chuo. Ami yangu, baba yake Hamad, mwambie dawa yake ya kifua imo kwenye mzigo. Bi Time mpe salamu za juu juu, asije akauliza zaidi.

Sasa jambo lenyewe. Kijana yule yule atakuja kubadilisha kibandiko. Cha zamani kilikuwa na namba ya kampuni. Hiki kipya kina jina la Bibi, kwa herufi kubwa, kwamba pampu ni mali yake. Jina hilo likisomwa na wateka maji, jioni ile ile watu watauliza Bi Zuwena alipiga kura wapi, na kesho yake nusu ya ndoo hazitakuja.

Usimfukuze, maana akirudi bila kubandika yataanza upya. Mpe kahawa, mpe na mkate. Ila ngazi usimshikie. Mwambie abandike chini, mkono wako unapofika, kwa kuwa goti lako haliwezi tena kupanda. Akishaondoka, kabla wanawake hawajaja na ndoo za alasiri, kibandue. Wakiniuliza huku kimekwenda wapi, nitawaambia Mungu ndiye ajuaye, na wao waandike wanavyotaka.

Mwanao,
Raya