Wufa ya Marehemu Zani

Waa, Kwale.
9 Novemba, 2025.

Mpendwa Mjomba Tembo,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na joto la Doha liwe limeanza kupungua kama ulivyotuambia. Mgongo wako unaendeleaje? Mama kila akikutaja huanza na mgongo, ndipo afike kwenye habari nyingine.

Sisi huku ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Shule zimefungwa, nami nimepita kuingia kidato cha nne. Mvua za vuli zimekuwa chache, mihogo imesimama tu haikui. Bibi Ummi, mamake baba, anakusalimu, anasema macho yake bado yanamruhusu kukutambua ukija.

Huenda ukashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Simu yetu hupigwa mbele ya watu wote na sauti hufunguliwa kila mtu asikie, na haya ninayotaka kukuandikia siwezi kuyasema hivyo. Nimempa barua hii Katana wa Ukunda, anayerudi huko Doha Jumanne. Ameahidi kukukabidhi mkononi.

Mama mdogo Mwanasha bado yumo ndani, anakaa eda ya marehemu Zani. Itaisha mwanzo wa Rajabu. Amekonda. Unajua kwamba riziki yake ilikuwa viazi karai anavyouza stendi jioni, na sasa hawezi kutoka. Ndugu za marehemu hawajamletea hata pakacha la mihogo. Mama alimpelekea unga na mafuta, akavirudisha. Alisema kulishwa na dada yake hataki, lakini kama tunaona huruma tununue kitu chake, ili ale chake.

Ndipo baba akainunua wufa. Nasema ile homu thieta uliyoileta mwaka ule wa likizo yako, lile boksi kubwa jeusi la mapigo mazito na vile vispika vyake vitano. Mama mdogo alisema ndicho kitu pekee chenye thamani mle ndani ambacho ni chake mwenyewe, kwa sababu kililetwa na kaka yake. Nasi hatukuuliza zaidi. Mimi na baba tuliibeba kupitia shamba la mihogo, imefunikwa leso ili watu wasiulize maswali.

Kuifunga kuliniangukia mimi, kwa kuwa baba anaamini msomaji wa vitabu anajua kila kitu. Karatasi ya maelezo ilikuwa imepotea. Panya walikuwa wameguguna waya mmoja, baba akaumenya kwa meno na kuusokota upya. Nikaunganisha nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mwanzoni ilivuma tu kama nyuki, mpaka nikagundua waya mmoja haujakaza. Nilikuwa nimesoma kwamba sauti nzito huongezeka boksi likikaa pembeni kwenye kona, kwa hiyo tukaliweka kwenye kona ya upande wa shamba. Baba akasema tuijaribu kwa kisomo cha Kurani, isije ikaonekana tunasherehekea na msiba haujapoa.

Ilisoma vizuri sana, Mjomba. Vikombe vilitikisika kabatini. Baba alikaa chini akafumba macho, na kwa muda huo mfupi nilimwona amepumzika.

Lakini hakuna mtu hapa asiyeijua wufa ya Zani. Ilipiga kwenye harusi zote za mtaa huu. Chirau, kaka yake marehemu, alikuwa amekuja kuangalia minazi yao, akaisikia akiwa huko huko shambani. Alifika mlangoni bila kubisha hodi.

"Naona marehemu amehamia kwenu, shemeji," alimwambia mama.

"Marehemu yuko kaburini. Wewe uliyefika siku ya hitima, pilau imeshaiva, utajuaje alipo?"

"Na mirathi mmeigawa lini? Au siku hizi mnajigawia wenyewe?"

"Muulize mwenye kitu chake."

"Mwenye kitu chake amekufa," alisema Chirau.

Baba aliinuka. Akaizima, akachomoa waya, akakunja leso juu yake.

Sasa iko nyumbani kwa Mwalimu wa madrasa, amewekeshwa. Mwalimu amesema jambo lenyewe si gumu. Kama ilikuwa ya Mwanasha, aliuza chake na hakuna wa kumsemesha. Kama ilikuwa ya Zani, basi ameuza mali ya marehemu kabla haijagawanywa, na kwa kuwa hawakujaaliwa mtoto, sehemu kubwa ni ya kina Chirau. Chirau amekwisha kusema mbele ya watu kwamba ikithibitika hivyo, siku eda inapoisha ndiyo siku mama mdogo atakayotoka kwenye ile nyumba, kwa sababu yeye Chirau hawezi kukaa na mwizi kwenye kiwanja cha baba yake. Na watu wengine wanaitikia kwa kichwa. Hawa ni watu waliokula viazi vyake kwa mkopo.

Mwalimu anataka neno lako wewe, uliyeileta, na la yeyote aliyekuwapo siku hiyo. Mama amekupigia, hukupatikana. Atakupigia tena, na najua atakuomba nini. Ameniambia hata mimi nikuandikie hivyo hivyo: useme ulimletea dada yako.

Mjomba, mimi nilikuwapo. Labda umesahau, kwa sababu nilikuwa mdogo na huwa sionekani. Nilikuwa nimekaa kizingitini na kitabu. Mama mdogo alikuwa jikoni nyuma, anakukaangia samaki. Ulimwekea Zani lile boksi miguuni ukamwambia, "Hii yako, shemeji. Ulinizikia mama nami sipo." Zani akalia. Ukamwambia anyamaze, mke wake asimsikie.

Hakuna mwingine aliyesikia. Mama mdogo anaamini kwa moyo wake wote kwamba ulimletea yeye. Hasemi uongo. Kila nikimpelekea maji ananiambia, "Kaka akipatikana tu, haya yataisha." Naweka ndoo chini na kuondoka haraka.

Sijamwambia mtu. Lakini Mwalimu ataita waliokuwapo, na akiniuliza, mimi sitaweza kusema uongo mbele yake. Nimejaribu kuusema peke yangu chumbani, haukutoka. Na nikiusema ukweli, itakuwa mimi, mtoto niliyelelewa mgongoni mwake, ndiye niliyemtoa nyumbani.

Kwa hiyo sikuombi alichokuomba mama. Naomba usinisubiri mimi. Mpigie Mwalimu mwenyewe kabla eda haijaisha, umwambie ulimpa nani. Halafu, usikate simu. Kile chumba chako cha Mwabungo kina mabati, kimekosa mlango tu. Baba anaweza kutengeneza mlango. Mwambie Mwalimu hapo hapo, Chirau akisikia, kwamba dada yako akitoka Waa anakwenda kwako, na kwamba hatoki kama mwizi. Haya mawili yasemwe kwa pamoja, Mjomba. La kwanza likifika peke yake, sijui la pili litamkuta wapi.

Baba anakusalimu, Bibi Ummi anakusalimu, na mama vilevile, ingawa hajui nilichoandika. Mama mdogo amesema nikuandikie kwamba anakuombea dua kila sala.

Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya, na akufanyie wepesi katika maneno utakayoyasema.

Mpwa wako akupendaye, anayekutegemea,

Riziki