Wenye Punda Bado Wanaelekezwa Kwako

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana ungeniitikia kabla sijamaliza neno, mkono mmoja umeshika mbuzi wa watu.

Zizi la wanyama waliopotea lipo. Ukuta ambao wakubwa wa boma la serikali waliahidi kuuziba, bado wanaahidi. Maji tunateka kisima cha msikiti, majani yanatoka shamba la wakfu, vilevile kama ulivyowapatanisha: serikali itoe ukuta na askari, msikiti utoe maji na malisho, na wewe utoe usingizi wako. Ulisema hivyo mbele ya akida, na hakuna aliyecheka ila wewe. Sasa usingizi natoa mimi. Ng'ombe akiingia kwenye minazi michanga ya mtu, naletewa mimi, pamoja na matusi ya mwenye minazi. Nimeelewa kwa nini ulikuwa ukisinzia arusini.

Ila kuna jambo nataka ulijue. Baada ya arobaini yako aliletwa punda mzee, jicho moja, masikio yake hayana alama ya mtu yeyote. Wengine wanasema wa kisiwa jirani cha Juani, na watu wa Juani wanaapa si wao. Anauma. Alimng'ata askari, tena mahali ambapo askari hawezi kumwonyesha bwana mkubwa.

Sharti la boma unalijua: atangazwe msikitini Ijumaa tatu, mwenyewe asipopatikana, boma limchukue. Mzima anauzwa. Huyu wetu nani angemtaka? Ni risasi tu. Enzi zako, Ijumaa ya tatu hukukosa mtu wa kusema "wangu," hata kama hajawahi kufuga kuku. Mimi ulimi huo sina. Nilizunguka Chole nzima nikibembeleza, wakaniambia, "Shangazi yako tulikuwa tunamwonea haya. Wewe hatukuonei."

Mzee Faki, mtangazaji wetu, Ijumaa mbili za kwanza alilitaja jina langu vizuri. Ya tatu akasimama baada ya sala, akataja rangi, akataja jicho, tabia akaificha. Kisha mazoea yakamponyoka: "Mwenye mali amwendee Bi Mwanaidi, zizini."

Mzee wa watu akakaa chini, akalia. Na mimi niliyejikaza hata kaburini kwako, Shangazi, nilivuta kilemba nikafunika uso.

Akida akakohoa. Akasema tangazo hili limewaelekeza watu kwa marehemu, kwa hiyo si tangazo. Lianze upya, Ijumaa tatu. Imamu akasema ndiyo haki. Askari aliyekuwa mlangoni akajipapasa alipoumwa.

Tukaanza upya. Ijumaa mbili sawasawa, na asubuhi ya ile ya tatu nikamkumbusha njiani, "Mzee, ni jina langu." Akajibu, "Nimeshazeeka, mwanangu, huoni?" Huyu ndiye Mzee Faki anayekumbuka nani alichelewa kwenye mazishi ya baba wa nani. Akasimama, akatangaza, akakutaja wewe tena, safari hii bila chozi, na ndevu zikimcheza.

Akida alinivuta pembeni. "Huyu mzee atapona lini?"

"Inshallah, si karibu."

Akanitazama sana. Kesho yake mjumbe wake akaleta mzigo wa majani mabichi, akasema ameambiwa asiseme yametoka kwa nani. Nikamwambia asante, na amsalimie akida.

Basi, kila mara Ijumaa ya tatu inapofika unaitwa, na hakuna anayegeuka kukutafuta, ila wote wanatabasamu chini chini. Nyumba yako nimeifagia. Ukindu uliouacha sijaugusa. Ule mkeka sijui uliutaka wa upana gani.

Siku Mzee Faki atakaposhindwa kusimama, nitatangaza mimi. Nakuahidi, na kumbukumbu yangu nayo, Shangazi, imeshaanza kuharibika.

Lala kwa raha. Punda nimemnywesha.

Mtoto wa kaka yako