Baba Alipoingia Jikoni

Mjukuu wangu Khasandi,

Mulembe. Huku Malinya tu wazima, na fahali wetu ameshinda tena kwenye mapigano ya mafahali!

Unauliza kama uende kupima virusi vya Ukimwi na wenzako. Mimi nilipopatikana navyo, mama yako akiwa mdogo, nilirudi kwa wazazi. Shangazi zangu wakanipakulia obusuma, ugali wetu, kwa sahani ya peke yangu. Baba, ambaye hakuwahi kula na wanawake, akaingia jikoni, akaketi, akamega kutoka sahani hiyo. Siku hiyo nikajua nitaishi.

Dawa nameza mpaka leo. Mjomba wako, niliyemzaa baadaye, hana virusi. Na juzi nimecheza ngoma ya isukuti mpaka wasichana wakaniachia uwanja!

Nenda ukapime, mama. Jibu liwe lolote, tutakula sahani moja.

Kukhu wako