Kisumu, Kampala, Kigali — na Alikozaliwa Mama

Jumatatu, 3 Machi 2025

Imeamuliwa! Kisumu, Kampala, Kigali. Siku nane, miji mitatu, matumbo mawili — langu na la Mwalimu Lusekelo. Yeye ni wa Mbeya, kapangiwa shule hapa Kewanja, ramani anaijua. Mimi najua kula. Kisumu samaki wa kukaanga, niwape maksi. Kampala luwombo, kuku anayepikwa ndani ya jani la mgomba, halafu makaburi ya wafalme wao. Kigali mishikaki ya mbuzi, na ngoma zao — nione kama zinalifikia litungu, zeze letu la Kikurya. Hazilifikii. Lakini nitapiga makofi, mimi ni mtu wa dunia.

Isebania, mpakani na Kenya, huwa navuka kama naenda chooni. Kigali wanataka pasi. Sawa, wapewe pasi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepeleka fomu ya pasi uhamiaji. Afisa ni dada mmoja, Agape, mgeni huku, katokea Njombe. Mpole. Nikaona nimchangamshe. Alipouliza mama yangu kazaliwa wapi, nikamwambia, dada, sisi Wakurya huo mpaka ulitukuta tumeshakaa! Mama ni wa upande wa Kenya. Mahari yake ng'ombe ishirini na saba, walivuka wote, na hakuna aliyewaomba pasi. Chumba kizima kikacheka.

Yeye hakucheka. Kachukua kopi ya kitambulisho cha mama, kaisoma, kaisoma tena. Kasema nirudi Jumatano.

Ijumaa, 7 Machi

Sijala. Mimi!

Kitambulisho cha mama kimeandikwa kazaliwa Gorong'a, huku kwetu Tanzania. Fomu ya kitambulisho hicho niliijaza mimi. Niliwajazia ukoo mzima, nikijiita karani. Nilikuwa na haraka. Gorong'a ndiko alikoolewa, ndiko anakolima, nikaona yatosha. Nani angeuliza?

Lusekelo kanisema mpaka basi. "Huo mdomo wako, Machage, ungekuwa lori ungeshaua watu." Halafu akapoa. Kasema nirudi nikaseme nilikuwa natania, kwani wilaya nzima inanijua kwa utani.

Jumatano, 12 Machi

Nimesema nilikuwa natania. Dada Agape kaniangalia kama mwanafunzi mtoro. Kasema pasi yangu haina tatizo: marehemu baba ni wa hapa, karatasi zake zimenyooka. Swali ni la mama. Kitambulisho kinasema hivi, mwanawe kasema vile.

Nikasema basi, safari imekufa, nirudishie fomu. Akasema kuifuta fomu hakulifuti swali. Jumanne nimlete mama aeleze mwenyewe.

Sitaki tena Kigali. Mishikaki yao waile wenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya kanisa nimekwenda Gorong'a kwa mama. Nimemweleza yote. Nimemwomba aseme kazaliwa Gorong'a. Neno moja tu!

Kaendelea kupeta ulezi. Halafu: "Mura, mwanangu, baba yangu kalala kule ng'ambo. Nimkane kwa ajili ya safari yako ya kula?"

Nikasema si safari tena, mama, ni wewe. Wakikunyang'anya kitambulisho? Wakikuita mgeni, miaka hamsini umelima hapa?

"Basi watanikuta shambani."

Nikachukua ungo, nikapeta naye.

Jumanne, 18 Machi

Naandika hapahapa ofisini, daftari juu ya goti. Mama kavaa kitenge cha Pasaka. Dada Agape kamwamkia shikamoo, kamvutia kiti kizuri. Kauliza taratibu, bibi, ulizaliwa wapi?

Kiswahili mama anakijua, lakini jambo zito huliongea kwa Kikurya. Kaongea kirefu. Kijiji chao kule ng'ambo, mto waliochota maji, jina la baba yake, jina la baba wa baba yake. Mikono kaikunja mapajani, sauti haitetemeki. Gorong'a hakuitaja hata mara moja.

Dada kanigeukia, kalamu tayari. "Anasemaje?" Hajui Kikurya hata kidogo. Chumbani tuko watatu tu.

Nikafungua mdomo. Mdomo huu! Haukutoa kitu. Hapo simu yake ikalia, katoka kwenye korido. Namsikia: ndiyo mkuu, ndiyo mkuu.

Mama ananigusa bega. Anauliza kwa nini sijamweleza yule binti, au sikusikia vizuri? Anasema nisijali. Binti akirudi, yeye ataanza tena, kuanzia kwa babu.