Maziwa ya Nadhiri

Santa Iria, California
28 Mei

Kwa mjukuu wangu Natércia, Daktari wa Bata,

Hujambo? Na hao bata wako wa Kambodia hawajambo? Mimi mzima kama jiwe la kusagia, ila goti tu, na goti lenyewe ni rika langu, lina haki ya kulalamika. Naandika kwa penseli, Gilberto wa duka la pumba ataipitisha kwenye mashine yake ya faksi. Simu na masikio yangu walishaachana zamani.

Usiamini wanaosema nimezeeka. Mwaka ule wa mafuriko nilikamua ng'ombe anaogelea, na mimi naogelea, tone halikumwagika. Nani mwingine bonde hili?

Habari za zizini: paka wanne wamekufa wiki hii. Walizunguka zunguka kama walevi, kisha chali. Unajua desturi yetu, maziwa ya ng'ombe mgonjwa hayaingii kwenye tangi, wanapewa paka. Sasa ng'ombe kumi na mmoja wamegoma kula na maziwa yao yamekuwa mazito, ya njano, dang'a tupu kama ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, na hakuna aliyezaa. Nasema ni joto.

Karamu ya Roho Mtakatifu ni Jumapili tarehe 9. Nitampeleka Estrela na maua shingoni, nimkamue mbele ya kanisa kama kila mwaka, kila mtu na kikombe chake na kipande cha mkate mtamu. Malkia mdogo wa karamu, mvaa taji wa mwaka huu, ni Lisete, mtoto wa jirani yetu Odília. Miaka saba, meno ya mbele hana, lakini maringo!

Babu yako,
Deodato


Takeo, Kambodia
29 Mei

Shikamoo Babu,

Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima raha.

Paka wanaozunguka, maziwa kama dang'a. Babu, hilo si joto. Naogopa ni homa ya ndege, hii hii ninayoifuata huku kwenye mabanda ya bata. Siku hizi inaingia kwa ng'ombe, na inakaa ndani ya maziwa. Umeona ndege waliokufa kwenye hori? Macho yako yakoje? Usiwape paka tena. Usinywe mabichi. Mwite daktari wa mifugo leo. Na maziwa ya karamu, nakuomba, yachemshwe.

Mjukuu wako,
Natércia


Santa Iria
2 Juni

Marahaba, Daktari wa Bata,

Nimecheka mpaka goti likasahau kuuma. Yaani umezunguka nusu ya dunia kutafuta ugonjwa, halafu unaniambia uliusahau nyumbani kama miwani!

Umeuliza, najibu. Ndege weusi watatu horini, ndiyo, chali. Wamevimbiwa. Macho yangu mekundu kidogo. Vumbi. Estrela yeye mzima, anakula, maziwa meupe kama shuka la bibi harusi.

Kuchemsha hapana. Ulizaliwa wa miezi saba, mdogo kama kabichi. Daktari akaniambia, "Mzee, mtafutieni padre." Nikapiga magoti zizini, nikaweka nadhiri: huyu akiishi, kila mwaka nitagawa maziwa ya moto wa kiwele, si ya moto wa jiko, kwa kila atakayekuja. Ukalia siku hiyo hiyo. Miaka thelathini na minne sijakosa. Nikibadilisha, Roho atamchukua nani? Si mimi, mifupa yangu hana kazi nayo. Atakuja kwako.

Kwa hiyo niache.

Babu yako


Takeo
7 Juni, Ijumaa

Shikamoo Babu,

Sina nafasi ya salamu ndefu, nisamehe. Tangu juzi napiga simu ukumbi wa parokia, inaita tu, wote mko jikoni. Ofisi ya mifugo wamesema watakuja Jumatatu. Karamu ni keshokutwa.

Ng'ombe anaweza kuonekana mzima na maziwa yake yasiwe salama. Estrela analala na wale wagonjwa.

Jana tumezika mtoto wa miaka sita hapa. Alimsaidia mama yake kunyonyoa bata. Siku ya nne homa, siku ya tisa hayupo. Nilikuwa nimemshika mkono.

Babu, ile nadhiri ilikuwa ya uhai wangu. Mwenye uhai ni mimi, na mimi ndiye ninayekufungua. Roho akimtaka mtu, ajue ninapokaa. Usimpe mtoto yeyote hayo maziwa.

Natércia wako


Santa Iria
10 Juni

Mjukuu wangu,

U mzima? Niambie kwanza kama u mzima.

Gilberto alifunga duka Alhamisi mchana kwenda kukata nyama za karamu. Barua yako ikalala kwenye mashine yake. Alinipa jana, amesimama kwenye foleni, mkono huu kikombe, mkono huu karatasi. "Deodato, mchumba wako wa Kambodia kakuandikia!"

Nasoma kama kuku anavyodonoa, unanijua. Nilipofika kwa yule mtoto wa siku ya tisa, Lisete alishakunywa. Malkia hunywa wa kwanza, ndiyo desturi. Na nyuma yake wengine wengi.

Nikasimama juu ya kigoda. Nikasema, "Jamani, msinywe, maziwa haya yana ugonjwa!"

Wakacheka! Gilberto akasema, "Mwaka jana ulituambia Estrela anajua kusali!" Mwingine akapaza sauti, "Jinyime mwenyewe, sisi tutilie!" Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyoshika mbavu. Nikaipiga teke ndoo, maziwa yote chini. Hapo wakakasirika. Padre kanishika bega, kaniambia nimelewa.

Nifanye nini sasa?

Babu


Takeo
10 Juni

Babu,

Mimi mzima kabisa. Umefanya vizuri. Sikiliza.

Andika majina ya wote waliokunywa, lako likiwemo. Nenda nyumba kwa nyumba, simama mlangoni, usiingie, jifunge kitambaa mdomoni. Waambie wahesabu siku kumi. Macho mekundu, homa, kukohoa, hospitali siku hiyo hiyo, waseme "maziwa". Dawa ipo, ila inataka iwahi. Nimeshawaambia watu wa afya wa huko, wanakuja. Mimi natafuta tiketi ya ndege nije.

Natércia


Santa Iria
13 Juni

Mjukuu wangu,

Watu wa ofisi ya mifugo walikuja na kufunga geti, ng'ombe wasitoke. Estrela ameanza kutoa dang'a.

Majina ni arobaini na mawili. Kifua kinanibana kidogo, lakini nilitembea. Kwa Gilberto walicheka. Kwa Padre alinisikiliza, akanipa kahawa nje, akaniambia nikapumzike. Nyumba zingine walinifungia mlango, nawasikia nyuma yake wananiigiza sauti.

Kwa Odília nilikuta mapazia yamefungwa mchana. Lisete yuko kwenye kochi, anasema mwanga unamchoma macho. Anapumua kama aliyetoka kukimbia. Nikawaita watu wa afya, gari likaja.

Kabla ya kupanda na mtoto, Odília alinikamata koti kwa mikono miwili. Akasema, "Mzee Deodato, sema unatania. Nakuomba. Sema unatania."

Babu