Fundi Aliyehamia Nakuru

Jumapili, Agosti 1971

Ati fundi wa Karatina! Baba aliyasema hayo mbele yangu, nje ya kanisa, bila hata kupepesa macho.

Bampa la gari letu nimelitengeneza mimi, jana. Lilikuwa likining'inia tangu Pasaka, na kila Baba alipolifunga kwa waya lilianguka tena. Nililala chini ya gari nikaona tatizo. Kutu ilikuwa imepanua tundu la bolti, kwa hiyo bolti ilikuwa inapita tu. Nikaliinua bampa kwa jeki, nikafunika tundu kwa bawaba ya mlango wa zamani, kwa sababu bawaba ina matundu tayari, nikakaza nati mpaka vidole vikachubuka. Shangazi alipiga kelele kwamba msichana halali chini ya gari.

Baba alilitikisa, halikusogea. Ndipo nikathubutu kumpa fomu ya shule atie sahihi, nisome fizikia badala ya upishi. Akasema, "Tutaona."

Leo jirani yetu, Baba Wambui, alilisifu bampa, na Baba akamwambia limetengenezwa na fundi wa Karatina. Baba Wambui akamwuliza, "Huyo fundi ni nani? Langu linaburuzika kama suruali ya mlevi."

"Alihama," Baba akajibu. "Siku hizi yuko Nakuru."

Tulipoingia garini nikasema, "Baba, yule fundi hajahama."

Akawasha gari. Mama aliangalia dirishani.

Nina hasira hata sasa ninapoandika. Shule zinakaribia kufunguliwa na fomu bado haijatiwa sahihi. Lakini pia hajanirudishia.